Pleti Mpya, Ugonjwa Uleule: Klachi za Bodaboda Jinja na Mbale

Katika gereji za kando ya barabara ya Jinja hadi Mbale, pikipiki yenye klachi mbovu huandikiwa dawa kabla ya kupimwa. Mwendeshaji anasema klachi imekwisha, fundi anataja bei ya pleti, kifuniko kinafunguliwa, pleti mpya zinaingia. Baada ya wiki chache pikipiki ileile inarudi na lalamiko lilelile, na fundi anazilaumu pleti kwamba zilikuwa feki. Pengine zilikuwa feki kweli, maana feki zipo sokoni. Lakini pleti nzuri nazo huungua, na zikiungua mapema kuna kitu kilichoziunguza. Kitu hicho kisipoguswa, pleti mpya zinaingia kwenye moto uleule.

Bodaboda ilizaliwa mpakani Busia katika miaka ya 1960, ikiwa baiskeli ya kuvusha watu na mizigo kati ya Uganda na Kenya. Baiskeli haina klachi, na nguvu yake haizidi miguu ya mwenyewe. Pikipiki za Kihindi, Bajaj Boxer na TVS zikiwa mbele, ndizo zilizowapa vijana wa Busoga, upande wa Jinja, na Bugisu, upande wa Mbale, injini inayobeba watu wawili na gunia juu, pamoja na leva ya mkono wa kushoto ambayo wengi waliizoea stejini bila kufundishwa na mtu. Jinja na Mbale zilipata hadhi ya jiji siku moja, tarehe 1 Julai 2020. Kati yake kuna takriban kilomita 140 za lami kupitia Iganga na Tirinyi. Miji yote miwili iko kwenye mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, na akitazama ramani tu mtu angedhani klachi zake zinaugua kwa namna moja. Tofauti inaonekana ukitoka mjini. Kutoka Jinja kwenda Kakira, Bugembe au Masese njia ni ya kuinuka na kushuka kidogo tu. Kutoka Mbale kwenda Wanale au Bududa unaupanda Mlima Elgon wenyewe.

Kwanza tukielewe chombo. Klachi ya pikipiki hizi ni fungu la pleti zilizopangwa kwa kupishana: moja ina vipande vya msuguano vya kizibo au karatasi ngumu yenye nyuzi, inayofuata ni chuma kitupu, na kuendelea hivyo. Za msuguano meno yake yamekaa kwenye nyumba ya klachi inayozungushwa na injini. Za chuma zimekaa kwenye habu inayopeleka nguvu kwenye gia. Springi zinabana fungu zima liwe kitu kimoja. Ukibana leva mkononi, waya unavuta, springi zinasukumwa, pleti zinaachana. Yote haya yanaogelea ndani ya oili ileile ya injini, na hapo ndipo klachi ya pikipiki inapotofautiana na ya gari dogo la kawaida, ambayo hufanya kazi kavu.

Kwa hiyo klachi inaweza kukosea kwa njia mbili zinazopingana. Inaweza kuteleza: unavuta mafuta, injini inanguruma, mwendo hauongezeki, hasa gia ya juu kwenye kilima. Au inaweza kukataa kuachia: umebana leva mpaka mwisho na pikipiki bado inataka kwenda, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, frii haipatikani mpaka uzime injini. Ya kwanza ni ugonjwa wa kubana kidogo mno, ya pili ni ugonjwa wa kubana kupita kiasi. Matibabu yake hayawezi kuwa mamoja, na bado mara nyingi magonjwa yote mawili hupewa pleti. Fundi anayejua kazi hutofautisha kwa maswali kabla ya kushika spana.

“Fundi, klachi imekufa.”

“Imekufaje, kaka? Inanguruma bila kwenda, au inakwenda ukiwa umeshika?”

“Ukipanda inanguruma tu.”

“Ukiwa umebeba, au hata mtupu?”

Maswali hayo mawili yanapunguza kazi nusu. Klachi inayoteleza ikiwa na mzigo peke yake bado ina uhai, na sababu inaweza kuwa nje ya kifuniko. Inayoteleza hata mtupu kwenye tambarare, hiyo kweli ifunguliwe.

Nje ya kifuniko, cha kwanza kuangalia ni waya. Leva inatakiwa iwe na nafasi ya kucheza kabla waya haujaanza kuvuta. Kwa pikipiki nyingi za aina hii ni milimita 10 hadi 20 ukipima kwenye ncha ya leva. Nafasi ikizidi, leva inafika mwisho kabla pleti hazijaachana vizuri, na hapo unapata klachi isiyoachia. Nafasi ikikosekana kabisa, waya unazivuta springi kidogo wakati wote, hata mkono usipogusa kitu, na pleti zinateleza mchana kutwa bila mtu kujua.

Jambo ambalo waendeshaji wengi hawaambiwi ni kwamba nafasi hii hubadilika kwa sababu mbili zinazokwenda kinyume. Waya ukizeeka na nyuzi zake zikianza kukatika, unarefuka, na nafasi inaongezeka. Pleti zikilika, fungu linakuwa jembamba, springi zinasogea ndani, na nafasi inapungua. Hivyo leva iliyojikaza yenyewe, bila mtu kugusa nati, ni habari kutoka ndani: pleti zinaisha. Na leva iliyolegea ni habari kutoka nje: waya unakwisha. Mwendeshaji anayekaza nati kila anapohisi ulegevu, kwa kuwa anapenda leva inayoshika mapema, anazifuta habari zote mbili. Nimewahi kumwona kijana wa steji akijisifu kwamba klachi yake “ni ya kugusa tu”. Leva yake haikuwa na nafasi hata milimita moja.

Jaribio la kuthibitisha halina gharama. Legeza nati ya kurekebishia mpaka leva icheze waziwazi, kisha rudi kwenye kilima kilekile na mzigo uleule. Mtelezo ukiondoka, ulikuwa kwenye waya. Ukibaki, angalia kama leva ndogo ya kwenye injini inarudi yenyewe ukiiachia, au imekwama kwa kutu na tope. Waya uliopinda vibaya karibu na shingo ya usukani hukaza klachi kila unapokata kona. Ukigeuza usukani kushoto na kulia injini ikiwa imezimwa, utaona leva inavyobadilika. Waya mpya ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na pleti, na kazi yake haihitaji kumwaga oili.

Oili ndiyo ya pili, na hapa kuna kosa linalofanywa kwa nia njema. Mtu anaambiwa anunue oili nzuri, anakwenda kituo cha mafuta, ananunua oili ghali ya gari jipya. Oili nyingi za kisasa za magari madogo huwekwa viungo vya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta. Kwa gari ni faida. Kwa klachi inayoogelea ndani ya oili ni hasara, kwa kuwa msuguano ndio kazi yake. Wajapani waliliona hilo mapema, na mwaka 1998 wakaweka kiwango chao cha oili za pikipiki za mistroki minne, JASO, chenye alama mbili za msingi: MA kwa pikipiki ambazo klachi yake imo ndani ya oili, na MB kwa skuta na nyingine zisizohitaji msuguano huo. Kwa Boxer na jamaa zake tafuta chupa yenye MA au MA2, uzito 20W-50, ambao ndio unaozoeleka kwa injini hizi. Chupa isiyo na herufi hizo, hata ikiwa ghali, haijakuahidi kitu kuhusu klachi yako.

Upande wa pili ni oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa, au ile iliyokwishatumika na kuchujwa. Hiyo haitelezeshi klachi kwa viungo vyake, inaitelezesha kwa uchafu. Injini hizi hubeba takriban lita moja tu ya oili, na lita hiyo moja inalainisha pistoni, gia na klachi. Vumbi la pleti zinazolika linaingia humo humo, linakwenda kwenye chujio, na chujio likiziba shida si ya klachi tena. Ndiyo maana oili nyeusi inayonuka kuungua isimwagwe bila kuangaliwa. Ichovye kidole, isugue kwa dole gumba: ukihisi chembe laini kama majivu, pleti zimeanza kusagika.

Sasa twende mlimani, kwa sababu waya na oili haviwezi kueleza kwa nini pikipiki ya Mbale inakula pleti haraka kuliko ya Jinja hata zikitunzwa sawa.

Chukua pikipiki yenye uzito wa jumla wa kilo 350: chombo chenyewe kilo 110, mwendeshaji, abiria wawili na mzigo wa kilo arobaini na kitu. Iondoshe kutoka kusimama hadi kilomita 10 kwa saa kwenye tambarare, klachi ikiteleza kwa sekunde 3 kabla haijashika. Fizikia ya kidato cha nne inatosha kukokotoa joto linaloingia kwenye pleti: kama jouli 1,350. Fanya hivyohivyo kwenye mwinuko wa asilimia 10, ambao si mkali kwa mtu wa Bugisu, na joto linafika karibu jouli 2,800. Limezidi maradufu kwa kuondoka mara moja tu.

Kinachonivutia zaidi ni wakati. Kwenye tambarare, ukiachia klachi polepole kwa sekunde 6 badala ya 3, joto lote linabaki lilelile. Linatoka taratibu zaidi, basi. Kwenye mwinuko sivyo. Mzigo unavuta nyuma kila sekunde pleti zinapoteleza, na sekunde 6 zinafikisha joto kwenye jouli 4,200, mara tatu ya tambarare. Mwendeshaji mwoga anayeachia klachi kwa upole mlimani, akidhani anaitunza, ndiye anayeiunguza. Na yule anayesimama kwenye mteremko bila breki, akiishikilia pikipiki kwa nusu klachi huku abiria akitafuta chenji, anatia kwenye pleti karibu wati 950. Ni pasi ya umeme iliyowashwa ndani ya kifuniko, na hakuna nguo ya kunyosha.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya Mbale iko mguuni: shikilia kwa breki ya nyuma, weka gia ya kwanza, vuta mafuta kiasi, achia klachi kwa uamuzi. Kuondoka na gia ya pili ili kuokoa kubadili ni anasa ya tambarare, na hata huko ina bei. Kwa mzunguko uleule wa injini, joto la pleti linazidi maradufu, kwa sababu gia ya pili inadai mwendo mkubwa zaidi kabla klachi haijashika. Jinja watu hufanya hivyo kwenye lami na hawaoni kitu kwa miezi. Pikipiki hiyo ikiuzwa Mbale, mnunuzi anarithi pleti zilizochoka pamoja na tabia ya mkono, kama muuzaji ndiye aliyemfundisha.

Dawa ya pili sijaisikia ikitajwa kiasi inachostahili, nayo ni sproketi. Pikipiki nyingi zinatembea Bugisu na uwiano wa mnyororo uleule zilioletwa nao, uwiano unaojali barabara ya Tirinyi kuliko njia ya Bududa. Sproketi ya nyuma ikiongezwa meno, tuseme kutoka 42 hadi 45, gurudumu linapata nguvu zaidi kwa mzunguko uleule, na joto la kuondoka mlimani linapungua kwa takriban moja ya kumi. Bei yake ni mwendo wa juu kushuka kidogo na injini kulia zaidi kwenye barabara kuu. Kwa anayeshinda akipanda Wanale, ambako ukingo wa mlima unazidi mita 2,000, hiyo ni biashara nzuri. Kwa anayebeba abiria huko Jinja, kati ya Amber Court na Bugembe, haina maana. Msimu wa kahawa, magunia yanaposhuka kutoka mashambani kuelekea Mbale, mji ambao ushirika wa wakulima wa Bugisu umekuwa na makao yake tangu miaka ya 1950, kila njia ya kurudi mlimani inapima klachi upya.

Kukinyesha, mambo yanageuka. Udongo wa Elgon unateleza, gurudumu linazunguka bure, na mtu anadhani klachi inateleza. Ukisikia injini ikinguruma kwenye tope, tazama gurudumu la nyuma kwanza. Kama nalo linazunguka, klachi yako ni nzima.

Ikibidi kufungua kifuniko, kifunguliwe kwa utaratibu. Pikipiki ilazwe upande wa kushoto au oili imwagwe, kwa kuwa klachi za pikipiki hizi hukaa kulia. Bolti za kifuniko hazilingani urefu, na fundi mwangalifu huzichomeka kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio wake. Springi zifunguliwe kwa msalaba, kidogo kidogo, ili presha pleti, sahani inayobana fungu, isipinde.

Hapo ndipo kazi nzuri na ya kubahatisha zinapoachana. Fundi mzuri ana kipande cha kioo cha dirisha. Analaza pleti ya chuma juu yake na kuibonyeza pembeni kwa kidole. Ikitingishika, imepinda kwa joto, na hata ungeweka pleti mpya za msuguano, fungu halitaachana vizuri. Rangi ya buluu kwenye chuma ni alama ya joto kali, na chuma king’avu kama kioo kikwaruzwe kwa msasa au kibadilishwe. Kisha anatazama vidole vya nyumba ya klachi, pale meno ya pleti yanapogonga. Baada ya muda mrefu meno hayo huchimba mashimo madogo. Pleti zikinasa kwenye mashimo hayo, klachi inakataa kuachia na inashika kwa mishtuko. Shimo dogo linasawazishwa kwa tupa. Likiwa kubwa, nyumba inabadilishwa, na hapo bei inapanda kweli. Springi nazo zipimwe urefu na kulinganishwa na mpya: springi iliyofupika inabana kidogo, na klachi yenye pleti nene kabisa inaweza kuteleza kwa sababu hiyo tu. Nikitakiwa kutaja kitu kimoja kinachosahaulika kuliko vyote, nitataja springi. Zinaonekana nzima, kwa hiyo zinarudishwa.

Pleti mpya za msuguano zilowekwe kwenye oili safi kabla ya kuingia, zikae mpaka zishibe. Zikiingia kavu, safari ya kwanza ya mlimani inazichoma uso kabla oili haijazifikia. Gasketi ya kifuniko isirudishwe ya zamani, na uso wake ukwanguliwe pole pole, maana mkwaruzo wa bisibisi unaleta kuvuja, na mteja atakulaumu wewe. Nafasi ya leva ipimwe mwisho, na ipimwe tena baada ya siku chache za kazi, kwa kuwa pleti mpya hujikalia.

Kwa nini basi pleti zinabadilishwa kwa haraka hivyo? Sidhani ni ujinga wa mafundi. Tazama mkoba unaolipa. Pikipiki nyingi si mali ya anayeziendesha: kuna mwenye pikipiki anayesubiri hesabu ya siku au wiki, au kuna mkopo wenye tarehe. Kwa kawaida ya makubaliano hayo, vitu vidogo kama oili na waya viko juu ya mwendeshaji, na spea kubwa ziko juu ya mwenye chombo. Mwendeshaji ana kila sababu ya kuahirisha waya anaoulipia na kuita shida “pleti” anapofika gereji, kwa sababu pleti analipa mwenzake. Fundi naye halipwi kwa kugundua kwamba nati ilikazwa mno, analipwa kwa kufungua. Mwenye pikipiki hayupo. Anapigiwa simu, anatuma pesa, na hazioni pleti za zamani. Angedai aletewe hizo pleti, pamoja na zile za chuma, angejua kwa macho kama zililika kwa umri, ziliungua kwa mkono, au zilikuwa bado zinafaa. Na kama angelipa waya mwenyewe, angeokoa pleti.

Pikipiki za umeme, zilizoanza kuonekana Kampala kupitia kampuni kama Zembo, zinaondoa kifaa hiki chote: hakuna gia, hakuna pleti, hakuna leva ya klachi ya kukaza. Fundi wa Naboa Road, Mbale, aliyejenga jina lake kwa klachi atalazimika kujifunza kupima nyaya na betri. Lakini hesabu ya kilo 350 kwenye mwinuko wa asilimia 10 inabaki palepale. Ukiishikilia pikipiki ya umeme mlimani kwa akselereta badala ya breki, mota inasimama huku umeme ukipita, na joto lililokuwa la pleti linahamia kwenye nyaya za mota na kwenye kidhibiti chake, ambavyo hakuna gereji ya kando ya barabara inayoviloweka kwenye oili na kuvirudisha.